Meza Iliyotandikwa Ugani

Jumapili moja ya mwezi wa Julai nilifika mbele ya kanisa kubwa la mawe katika mji mmoja wa Uskoti, nimevaa nguo zangu za ibada na Biblia i kwapani, nikaukuta mlango umekomewa, na juu ya mlango karatasi iliyoarifu ya kuwa kwa majira yote ya joto washirika wa kanisa lile wangeabudu pamoja na jirani zao wa upande wa pili wa mji, kwaya imepewa likizo, shule ya Jumapili imefungwa, na mambo yote yangerejea katika desturi yake mwezi wa Septemba. Sikumtia mtu hatiani. Najua ya kuwa wakati ule shule hufungwa na watu wa mji hutawanyika, huyu akaenda pwani, huyu milimani, na mwingine ng'ambo kutafuta jua kali zaidi. Na mchungaji naye ni mwanadamu, ana haki ya kupumzika. Lakini wiki mbili baadaye nilikuwa kaskazini, katika kijiji kidogo cha kisiwa cha Lewis, ambako watu hawakutimia hamsini kanisani, na huko niliukuta mlango wazi, viti vimeongezwa, na mama mmoja mwenye umri mkubwa, asiyenijua kwa jina wala kwa nasaba, akaniuliza kabla sijaketi kama nimepata mahali pa kula mchana.

Tofauti ya milango ile miwili imekaa moyoni mwangu kwa muda mrefu, nami leo naomba ruhusa ya wasomaji niseme ninavyoiona. Kanisa la Kipresbiteri, ambalo wengi wetu twalijua kwa mabaraza yake, kamati zake na daftari zake za hesabu, halikulelewa ndani ya vyumba vya kamati. Lililelewa nje, katika majira ya joto, juu ya majani, penye meza ndefu iliyotandikwa kitambaa cheupe. Na wale wanaoyafanya majira hayo kuwa likizo ya kanisa wameusahau msimu ambao kanisa hilo lilikuwa hai kuliko misimu yote, na wale wanaoupima uhai wa jamaa ndogo ya waumini kwa kuhesabu vichwa wameshika kipimo kisichofaa.

Msomaji wa Tanga au Mombasa, ambaye kwake Julai ni wakati wa kusi na kipupwe, na msomaji wa Limuru au Nyeri, ambaye kwake Julai ni ukungu wa asubuhi na sweta juu ya sweta, hawana budi kwanza kuyafahamu majira ninayoyataja. Katika kisiwa cha Lewis, mwezi wa Desemba, jua huchwa yapata saa tisa na nusu alasiri, na ambaye hakuimaliza kazi yake ya nje kabla ya hapo huifanya gizani. Mwishoni mwa Juni jua lile lile halichwi mpaka saa nne na nusu usiku, na hata likisha kuchwa mwanga wake hubakia upande wa kaskazini, hafifu lakini haufi, hata mtu akaweza kutembea pasipo taa. Watu waliofungiwa na upepo na mvua kwa nusu ya mwaka hutoka. Hukata udongo mweusi wa kinamasi, wakauanika ukakauka ukawa kuni za kipupwe kijacho, na kazi hiyo tangu zamani imefanywa kwa kusaidiana nyumba kwa nyumba. Hukata manyoya ya kondoo. Hufyeka majani yaliyosonga makaburi ya wazee wao. Ni kipindi kifupi, hakizidi majuma kumi yenye joto la kuaminika, na kila kinachohitaji watu kukaa pamoja uwanjani lazima kifanywe ndani yake.

Wapresbiteri wa kwanza walilijua hilo. Bunge la Uskoti lilipoyavunja mamlaka ya Papa mwaka 1560, na John Knox na wenzake walipoandika kanuni za kanisa jipya, altare iliondolewa, mahali pake ikawekwa meza, na waumini wakaambiwa waketi kuizunguka kama jamaa waliokutana kwa chakula badala ya kupiga magoti mbele ya kuhani. Shauri lilikuwa kwamba Meza ya Bwana iandaliwe mara kadhaa kwa mwaka. Lakini wachungaji walikuwa haba, nchi maskini, na sehemu nyingi za mashamba zikajikuta zinaipata mara moja tu kwa mwaka, au pengine zisiipate kabisa. Jambo linalokuja mara moja kwa mwaka huwa sikukuu. Na mkulima akiulizwa sikukuu iwekwe lini, jawabu lake ni moja: baada ya kupanda na kabla ya kuvuna, barabara zikiwa zimekauka na mchana ukiwa mrefu.

Hivyo ndivyo ulivyozaliwa msimu wa Ushirika Mtakatifu, ambao katika Nyanda za Juu za Uskoti ulichukua siku tano kamili. Alhamisi ilikuwa ya kufunga na kutubu, maduka yamefungwa na mashamba yametulia. Ijumaa ilikuwa siku ya Swali, nami naiona kuwa siku ya ajabu kuliko zote, kwa sababu siku hiyo mchungaji aliwaachia wengine kusema: mzee mmoja wa kijijini husimama akataka kujua ni alama zipi zinazomtambulisha mtu aliyeguswa kweli na neema na ni zipi za mtu anayejidanganya, kisha wavuvi na wachungaji wa kondoo, ambao baadhi yao hawakujua kuandika majina yao, huinuka mmoja baada ya mmoja wakajibu kutokana na maisha yao wenyewe, kwa lugha ya Kigaeli, mbele ya halaiki iliyosikiliza kwa saa nyingi. Jumamosi ilikuwa ya maandalio, na Jumapili ya Meza yenyewe. Jumatatu ilikuwa ya shukrani, na watu waliagana kwa machozi, kwa maana wengine hawangeonana tena mpaka mwaka mwingine, au wasionane tena duniani.

Kabla ya Jumapili wazee wa kanisa waligawa vipande vidogo vya madini ya risasi, vilivyopigwa chapa ya herufi ya parokia na aghalabu mwaka, na kila aliyepewa kipande alikirudisha alipoikaribia meza, kuwa ni ushahidi wa kwamba alihojiwa katekisimu na mwenendo wake hauna shutuma. Neno kipande lina kovu katika masikio ya Mkenya. Babu zetu walilazimishwa, tangu baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kuchukua vipande vya serikali ya kikoloni ndani ya vikebe vya chuma vilivyoning'inizwa shingoni, wapate kufuatwa na kurudishwa kwa mabwana wao wa mashamba. Sivifananishi vitu viwili hivyo. Lakini nasema ya kuwa kipande cha Uskoti nacho kilikuwa na ukali wake, na katika vijiji vingi vya kaskazini watu walihofia kustahili kwao kiasi cha kwamba mamia walisimama wakitazama huku wachache tu wakila, na wengine waliishi wakazeeka wakafa, wacha Mungu wote, pasipo kuthubutu hata mara moja kuugusa mkate ule. Taksiri hiyo siitetei. Mwenye nyumba akiitandika meza kisha wageni wake wakaogopa kuketi, basi yamesemwa mlangoni maneno ambayo hayakupasa kusemwa.

Makanisa hayakutosha kuubeba umati, kwa hiyo mahubiri yalihamia nje, kwenye mteremko wa kilima au baina ya makaburi, mhubiri akisimama ndani ya kibanda cha mbao kilichomkinga na mvua, na waimbaji wakiimba zaburi bila kinanda. Mwimbishaji huanzisha mshororo peke yake, kisha jamii nzima huupokea, kila mtu akiuvuta na kuupamba sauti kwa namna yake, hata uimbaji ukawa kama maji yanayopanda ufukweni, mawimbi mengi ndani ya mwendo mmoja. Uimbaji huo ungaliko Lewis, na aliyezoea kumwona kiongozi wa ngoma akianza na waitikiaji wakimpokea hatauona ni mgeni.

Katika msimu mmoja wa namna hiyo, Jumatatu tarehe 21 Juni 1630, mahali paitwapo Kirk o' Shotts, kati ya Glasgow na Edinburgh, kijana aitwaye John Livingstone, aliyekuwa ndiyo kwanza atimize miaka 27 na hajawekewa mikono ya uchungaji, alihubiri baada ya usiku mzima wa maombi, na yasimuliwa kwamba watu wapatao 500 waliihesabu siku hiyo kuwa siku waliyogeuka. Mwaka 1742 parokia ndogo ya Cambuslang iliandaa Meza mara mbili katika majira yale yale ya joto, Julai na Agosti, na mara ya pili, George Whitefield akiwa miongoni mwa wahubiri, waliokuwako waliukadiria umati kufikia watu 30,000. Waskoti waliohamia Ireland ya kaskazini, na watoto wao waliovuka bahari kwenda Marekani, waliuchukua msimu huo pamoja na mizigo yao. Na ule mkutano mkubwa wa Cane Ridge huko Kentucky, mwezi wa Agosti 1801, ambao wanahistoria huuweka katika mwanzo wa mikutano ya kambi ya Kimarekani, uliitishwa kwanza kuwa Ushirika Mtakatifu wa Wapresbiteri, chini ya mchungaji wao Barton Stone. Mkristo wa Afrika Mashariki anayehudhuria mkutano wa injili uwanjani, akakaa siku kadhaa chini ya turubai, anakalia mkeka ambao baadhi ya nyuzi zake zilisokotwa katika vilima vya Uskoti.

Lakini umati sio ulionivuta kuandika. Kilichonivuta ni hesabu ya jikoni. Kijiji chenye nyumba thelathini kilipokea wageni mamia kwa siku tano, na hapakuwa na hoteli. Kila nyumba ilifunguliwa. Wanawake walilala wote chumba kimoja, wanaume wakalala juu ya majani makavu ghalani. Kondoo alichinjwa, samaki wa chumvi walitolewa mapipani, mikate ikaokwa tangu katikati ya juma, na vyakula vya Jumapili vilikuwa tayari Jumamosi usiku kwa sababu siku ya Sabato moto haukuwashwa kwa mapishi mapya. Na jambo lenye hekima kuliko yote ni hili, kwamba parokia zilipanga tarehe zao zisigongane. Juma hili Meza iko kwetu, nanyi mnakuja; juma lijalo iko kwenu, nasi tunakuja, tumebeba viatu mikononi ili visichakae njiani, tukivaa tu tukaribiapo. Kwa zamu hiyo kila kijiji kidogo kilikuwa kikubwa mara moja kwa mwaka, na hakuna jamaa ya kanisa iliyopata kujiona katika ukiwa, maana ilijua ni nyumba gani katika kila bonde itakayoifungulia mlango.

Udogo wa kanisa, basi, ulikuwa na dawa yake, na dawa hiyo ilikuwa ni kuzuriana. Hakuna aliyedhani ya kuwa dawa ya udogo ni kulifunga kanisa na kuwapeleka watu wake kwingine.

Sitaki msomaji adhani naisifu enzi isiyokuwa na doa. Mshairi Robert Burns, aliyeishi karibu na Mauchline, aliandika mwaka 1785 shairi lake juu ya sikukuu hizo takatifu akiufichua unafiki uliokuwamo: mahubiri upande huu, pombe upande ule, na vijana waliokuja kutazamana kuliko kuomba. Aliyoyaona yalikuwako. Penye watu wengi, mwezi wa joto, na mchana usiokwisha, wapo watakaosahau walichojia. Hata hivyo msimu haukuuawa na walevi. Uliuawa na mambo ya heshima kabisa: waajiri waliolalamikia siku za kazi zinazopotea, wanachuoni waliodai, nao walikuwa na haki, kwamba Meza iandaliwe mara nyingi zaidi pasipo shamrashamra za siku tano, na reli. Alhamisi ya kufunga ilipokuwa sikukuu ya mji mzima na garimoshi liko stesheni, wafanyakazi walipanda kwenda kutembea pwani, na katika miaka ya 1880 miji mikubwa ya Edinburgh na Glasgow iliziondoa siku hizo za kanisa, ikaweka mahali pake sikukuu za kawaida. Ndipo majira ya joto yalipobadili bwana. Zamani yalikuwa ya kwenda kwa ndugu. Yakawa ya kuondoka nyumbani.

Mabaki yapo, nami nimeyaona. Katika Lewis misimu ya Ushirika ingaliko, imepungua urefu na idadi ya wageni, lakini watu bado hutoka kijiji hadi kijiji, na meza za nyumbani bado hujazwa. Katika makanisa mengine madogo ya Uskoti, ambayo hayafuati tena siku tano, majira ya joto huleta chai ya Jumapili alasiri juu ya majani: birika kubwa lililokopwa shuleni, mikate midogo ya ngano yenye siagi na jemu, stroberi na maziwa, na wazee wa kanisa wakiosha vikombe pamoja na wake zao, watoto hupelekwa ufukweni, wakakimbia ndani ya magunia, wakarudi na michanga nyweleni. Marekani, katika miji midogo ya Pennsylvania na Carolina, ndugu zao hukutana chini ya miti, kila nyumba imeleta chungu chake, wali wa huyu na kuku wa yule na keki ya yule mwingine juu ya meza moja, na mjane asiyeweza tena kupika hula kwa haki ile ile aliyo nayo aliyeleta vyungu viwili.

Katika kijiji kile cha Lewis nilikula nyumbani kwa mama yule aliyeniuliza kanisani. Tulikuwa watu kumi na mmoja penye meza ya watu sita. Mzee mmoja wa kanisa, mvuvi aliyestaafu, alinitaka habari za mvua za kwetu na bei ya chai, kisha akanyamaza kitambo, akasema ya kuwa mchungaji wao anahudumia parokia tatu sasa, na kwamba wakati wa kipupwe huwa wako ishirini kanisani. Hakusema kwa kulalamika. Alikuwa akinieleza mambo ya nyumbani kama mtu anavyomweleza mgeni ambaye amekwisha kuwa si mgeni.

Ishirini, basi. Hapo ndipo palipo na shauri gumu. Kanisa la Uskoti, lililokuwa na washirika zaidi ya milioni 1.3 katikati ya miaka ya 1950, sasa lina pungufu ya 300,000. Lile kubwa la Wapresbiteri wa Marekani, lililoungana mwaka 1983 likiwa na washirika zaidi ya milioni 3, sasa lina kama milioni moja. Presbitari za Uskoti, yaani mabaraza ya kanisa ya wilaya, zimeagizwa zipange majengo yapi yabaki na yapi yauzwe, na mengi yameuzwa, na aliyetembea Uskoti ameyaona makanisa yaliyogeuzwa kuwa nyumba za kupanga au maduka. Mapaa yanavuja, wachungaji hawatoshi, fedha hazipo. Hayo nayakubali, wala simwonei wivu yeyote aliyekabidhiwa kalamu ya kuamua. Ninachokataa ni hesabu inayofanywa Februari kwa watu wanaoishi Julai. Watakaokuja kuhesabu na waje vilevile katika siku ambazo kijiji kimetoka nje, wakae siku mbili, wale katika nyumba tatu, waulize nani alimzika nani na nani alimlea yatima gani, ndipo waandike. Jamaa ya watu ishirini inayoweza kumlisha mgeni pasipo kumwuliza cheti haiko katika hali ya kufa, hata kama kitabu cha mahudhurio kinasema hivyo.

Mwaka 1843, wachungaji zaidi ya 450 walipotoka katika kanisa la dola wakaanzisha Kanisa Huru, waliacha nyumba, mishahara na majengo, na majira yale ya joto maelfu waliabudu chini ya mbingu. Wenye ardhi wengine waliwanyima hata kipande cha kujengea. Watu wa kijiji cha Strontian, walionyimwa hivyo, waliagiza jahazi la chuma, na mwaka 1846 likafungwa nanga katika ghuba ya Loch Sunart, nao wakawa wakiliendea kwa mashua kila Sabato. Na ilisemwa ya kuwa kwa kila watu mia walioingia chombo kilizama kiasi cha inchi moja. Jengo walikuwa hawana. Kanisa walikuwa nalo, na lilielea.

Nimeyaeleza haya katika gazeti la Kiswahili kwa sababu jambo hili si la Waskoti peke yao. Misheni ya Uskoti ilianza Kibwezi mwaka 1891, ikahamia Kikuyu mwaka 1898, ikafika Tumutumu mwaka 1908 na Chogoria mwaka 1922, na jina la Thogoto, makao yake huko Kikuyu, si jingine ila ni Scot lililopita katika kinywa cha Mkikuyu. Mtoto amemzidi mzazi: Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki lina washirika wengi kuliko lile lililoleta wajumbe wake. Wajumbe wale walitupa shule, hospitali, katekisimu, baraza la wazee, na ufundi wa kuendesha mkutano kwa ajenda na kumbukumbu. Meza ya ugani walituletea kwa uchache sana, kwa maana ilikuwa imekwisha kupungua kwao, na kwa maana walitukuta na meza zetu wenyewe, ambazo wengi wao hawakuzitambua kuwa ni meza.

Na meza tulizo nazo tusizipoteze. Ile mikutano ya nyumbani ya wilaya za kanisa, ambamo mzee hukusanya jamaa za mtaa wake katika sebule ya huyu juma hili na ya yule juma lijalo, ni kitu chema kupita majengo yetu yote mapya, nami nimesikitika kuona jinsi katika sehemu nyingi za mjini inavyoshindwa na foleni za magari na uchovu wa kazi, ikageuka kuwa ujumbe wa simu na mchango uliotumwa kwa M-Pesa. Siku zetu kuu nazo zimemezwa na harambee. Mgeni wa parokia nyingine hualikwa kwa kadi yenye nafasi ya kujaza kiasi. Huja, hutangazwa, hutoa, hushangiliwa, hula chini ya hema la kukodi, huondoka kabla ya saa kumi, wala hajui jina la mtu aliyeketi karibu naye. Fedha zimepatikana, lakini hakuna aliyemzuru mwenziwe.

Nawasihi wazee wa makanisa yetu, wa Nairobi na Nakuru, wa Meru na Mombasa, na wale wa makanisa mengine pia watakaoona faida, walitafakari jambo moja dogo. Katika likizo ya Agosti, shule zikiwa zimefungwa, parokia ya mjini na parokia ya mashambani wapeane tarehe, hawa waende kwa wale mwaka huu na wale kwa hawa mwaka ujao, wafike Ijumaa waondoke Jumatatu, walale majumbani na si katika hoteli, watoto walale chini juu ya mikeka pamoja, na Ijumaa jioni atakayesema asiwe mchungaji, bali bibi mwenye kuuza mboga na mzee mwenye ng'ombe wawili, kila mtu akieleza Mungu alimpataje. Kikapu cha sadaka kipite Jumapili kama kawaida. Harambee isiwepo.

Na kwa Waswahili mnaoishi ughaibuni, Aberdeen, Glasgow, Minnesota au Texas, ambao siku ya Jumapili husafiri mwendo wa saa nzima kwenda kuabudu kwa lugha yetu, na mna haki, nina ombi langu la pili. Jumapili moja ya majira haya ya joto, liendeeni lile kanisa dogo la mawe au la mbao lililo mwisho wa mtaa wenu, ambalo kila siku mnalipita mkidhani limefungwa. Pelekeni chapati, na mchuzi wa kutosha watu kumi. Mtakuta wazee ishirini, birika la chai, na viti vitupu karibu yao.